Maneno Mawili Kizimbani

Kijana akikamatwa na msokoto mmoja hapa Kendu Bay, kitu kilichokuwa mfukoni mwake tayari kina majina matatu. Nyumbani, kwa Dholuo, kinaitwa njaga. Polisi anasema bangi, neno lililovuka bahari kutoka Bara Hindi likaingia kwenye Kiswahili. Karatasi ya mashtaka, ambayo iko kwa Kiingereza, inaandika cannabis. Kisha hakimu anauliza, karani anatafsiri, na kijana anajibu, "Ni kweli."

Mimi si wakili. Chuo nilikiacha kabla ya kumaliza, na sasa naishi kwa kuandika. Lakini nimekaa mabenchi ya nyuma mahakamani mara kadhaa, nikaona jinsi kesi hizi ndogondogo zinavyoisha haraka kwa maneno hayo mawili. Nikataka kujua yamebeba nini. Ikabidi nirudi nyuma, tena mbali sana na ziwa letu.

Mwaka wa 1924 mataifa yalikutana Geneva kujadili afyuni na koka. Bangi haikuwa kwenye ajenda. Ni mjumbe wa Misri aliyesimama na kudai hashishi iongezwe, na Afrika Kusini ilikuwa imeshalalamika kuhusu mmea huo mwaka wa 1923. Mkataba ukatiwa sahihi Februari 1925, bangi ikiwa ndani. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Kenya, ilikuwa sehemu ya makubaliano hayo, na koloni likapata sheria yake ya dawa hatari. Hakuna mtu wa Karachuonyo aliyeulizwa maoni. Uhuru ulikuja, lakini sheria ya aina hiyo ikabaki.

Mwaka wa 1994 Bunge liliifuta na kuweka nyingine kali zaidi, kufuatia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya ulanguzi. Sheria hiyo ya 1994 ndiyo inayotumika hadi leo, ingawa imerekebishwa. Ilisema hivi: ukipatikana na bangi, na uishawishi mahakama kwamba ilikuwa ya matumizi yako peke yako, unaweza kufungwa hadi miaka 10. Ukishindwa kuishawishi, hadi 20. Soma tena sentensi hiyo polepole. Anayetakiwa kueleza bangi ilikuwa ya nani ni mshtakiwa mwenyewe. Akinyamaza, miaka inaongezeka mara mbili.

Marekebisho ya 2022 yalipunguza uzito kwa anayevuta mwenyewe: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni nafuu kubwa. Lakini bado ni lazima mtu aseme, na aseme kwa namna mahakama itakayoielewa, kwamba ilikuwa yake ya kuvuta. "Ni kweli" peke yake haisemi hivyo. Inakubali kosa, haielezi chochote.

Na ukishasema hivyo, mlango unafungwa nyuma yako. Kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinasema aliyekiri kosa hawezi kukata rufaa juu ya hatia. Anaweza kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Rufaa yenyewe ina siku 14. Yale maswali ambayo wakili angeuliza yanabaki bila kuulizwa. Je, ulijua kilichokuwa ndani ya mkoba ule, au ulibebeshwa tu na abiria wa boda? Je, mkemia wa serikali alipima na kuthibitisha ni bangi, au ni majani makavu tu yaliyodhaniwa kuwa bangi? Je, uzani ulichukuliwa ukiwepo?

Kuna ufa mmoja kwenye mlango huo, na uliachwa na majaji wa Afrika Mashariki mwaka wa 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri. Walisema shtaka lisomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, kisha upande wa mashtaka ueleze kilichotokea, na yeye apewe nafasi ya kukana au kuongeza neno. Akiongeza jambo linalopingana na kosa, kukiri kunafutwa na kesi inasikizwa upya. Mahakama zetu bado zinaifuata kesi hiyo. Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu: Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo kama haelewi lugha ya kesi, na pia haki ya adhabu iliyo nafuu ikiwa sheria ilibadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu.

Lugha si jambo dogo hapa kwetu. Mji wa zamani tunauita Kendu Muji, na hilo "muji" ni Kiswahili kilicholetwa na wafanyabiashara zamani. Lakini kununua omena kwa Kiswahili ni jambo moja, na kuelewa "kupatikana na" na "kusafirisha" mbele ya hakimu ni jambo lingine. Kosa la pili ni ulanguzi, na chini ya sheria ya 1994 lilibeba hadi kifungo cha maisha.

Tumezoea mjadala mkubwa wa kuhalalisha. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliuanzisha Bungeni 2018. George Wajackoyah aliufanyia kampeni ya urais 2022 akapata kura 61,969. Mjadala huo uendelee, mimi sina shida nao. Ila aliye seli leo hatausubiri uishe. Kesho asubuhi atasimama, ataulizwa, na ana haki ya kusema, "Sijaelewa, nisomewe kwa Dholuo." Ana haki ya kusema, "Nataka wakili kwanza." Ana haki ya kusema si kweli, au kueleza ilikuwa yake ya kuvuta na si ya kuuza.

Mwambie ndugu yako hayo kabla hajafika kizimbani. Akishafika pale, muda wa kufikiri ni mfupi kuliko muda wa kuvuta msokoto.