Makobola: wasafiri wanapita, habari zinabaki

Ukitoka Uvira kwenda kusini kwa barabara ya kitaifa namba 5, unaiacha bandari ya Kalundu nyuma, ziwa likiwa mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume. Si mbali, unafika Makobola. Wengi hawashuki. Moto inasimama kidogo, mtu ananunua ndagala, safari inaendelea Mboko, Nundu, Baraka.

Mgeni ajue kwanza kwamba Makobola ni mbili: Makobola I iko teritware ya Uvira, Makobola II iko Fizi. Mpaka wa teritware unapita hapo katikati, lakini mihogo na samaki ni vile vile pande zote, na usiku usio na mbalamwezi taa za wavuvi wa ndagala zinawaka majini bila kuuliza nani ni wa Uvira na nani ni wa Fizi.

Pwani hii iliandikwa vitabuni zamani. Mwaka 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walikuja kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakapitia Ubwari mpaka Uvira. Walikuwa wanatafuta chanzo cha mto Nil, na walitumaini kwamba Rusizi inatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia hapana, Rusizi inaingia. Ilikuwa habari chungu kwao. Burton aliiandika Ubwari kuwa kisiwa, na kila mtu wa Baraka anajua kwamba ni rasi, imeshikana na nchi kavu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika wenyewe kwenye mdomo wa Rusizi, wakaona ni kweli inaingia. Miaka 13 kuhakikisha jambo ambalo wavuvi walikuwa wamekwisha kulisema!

Kwa hiyo anayetaka kuijua Makobola asianze na vitabu vya wageni. Akae na wazee wa Kibembe na wa Kivira, jioni, bila haraka. Watamweleza habari za koo, za Bwami, ile jamii ya wakubwa wa Babembe ambamo mtu hupanda ngazi kwa ngazi, na za ndoa zinazovuka mpaka wa teritware.

Kuna habari nyingine ambayo haianzi kusemwa siku ya kwanza. Wakati wa vita vya RCD, kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999, raia waliuawa Makobola II na katika vijiji vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inayoitwa Mapping, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010, inasema waliouawa ni zaidi ya 800. Inawataja askari wa ANC, yaani jeshi la RCD, pamoja na wanajeshi wa Rwanda na Burundi. Miaka imepita, na mahakama maalum ya kuhukumu makosa yaliyoandikwa katika ripoti ile haijaundwa.

Ndiyo sababu sikukuu ya mwaka mpya ina uzito mwingine huku. Watu wa Kinshasa au Goma wakipiga kelele za furaha, jamaa nyingi za Makobola zinahesabu watu wao. Mgeni anayefika siku hizo na simu mkononi, akipiga picha za ziwa tu, hatafukuzwa. Atapewa kiti na bugali. Lakini hakuna atakayemwambia kitu.

Anayetaka kusikia, aombe ruhusa kwanza kwa chifu wa kijiji, tena asiulize idadi, kwa sababu idadi imekwisha kuandikwa. Aulize majina. Mama anayeanika ndagala kando ya barabara pengine atataja la mdogo wake, aliyekuwa na umri gani, alipenda nini, nyumba yao ilisimama wapi. Kisha atarudia kugeuza samaki wake, maana jua la Makobola ni kali na ndagala haingoji.