Jiwe la Peramiho, kwa jicho la mwashi

Sisi waashi wa Mikindani hatuna mawe ya kuchagua. Kuta za kale hapa ni matumbawe, na chokaa yake ni matumbawe yaleyale yaliyochomwa. Jiwe jeusi na zito likionekana kwenye mchanga wa Msimbati, ujue kuna aliyelileta. Wazee wakiona kimondo kinakata anga husema shetani amepigwa. Wa kwenda kulitafuta jiwe lililoanguka sijamsikia.

Lakini Ruvuma, mto unaoishia baharini hapa kwetu, unaanzia milima ya Matogoro, Songea, na pande zile jiwe la kimondo liliokotwa. Lilianguka Peramiho tarehe 24 Oktoba 1899, mwaka mmoja tu tangu Wabenediktini waanzishe misheni yao. Lilikuwa na gramu 165, halijazi hata kiganja. Mwaka 1905 misheni ikachomwa katika Vita vya Maji Maji, na moto unaosimuliwa huko ni huo, si wa kimondo.

Wapiga picha hukimbilia Kimondo cha Mbozi, tani zipatazo 16 za chuma chenye nikeli. Mimi hilo namwachia mhunzi. La Peramiho ni mwamba hasa: wataalamu huliita yukraiti, yaani lava iliyopoa, yenye madini ya piroksini na plajioklezi, jamii moja na mawe meusi ya volkano. Ganda la nje la mawe ya aina hii huwa jeusi linalong'aa, kwa kuwa huyeyuka yakipasua hewa.

Asili yake inaaminika kuwa Vesta, kisayari chenye upana wa kilomita zipatazo 525 kati ya Mirihi na Mshtarii. Mwanga unaoakisiwa na Vesta unalingana na wa yukraiti, na chombo cha Marekani, Dawn, kilipokizunguka mwaka 2011 na 2012 kilipiga picha za shimo kubwa mno upande wa kusini. Kitu kilikigonga, vipande vikaruka. Lava hiyo iliganda takriban miaka bilioni 4.5 iliyopita, matumbawe yangu ni ya juzi.

Liko na la Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, lililoanguka Desemba 1938: gramu 705 za kitu laini kama udongo, chenye kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini. Ukutani halifai kitu. Hata hivyo kundi zima la mawe ya aina hiyo duniani huitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Wajapani walipoleta vumbi la kisayari Ryugu mwaka 2020, walilikuta linafanana na mawe ya kundi hilo.