Sandwichi ya Jibini kwa Mtoto: Jinsi ya Kuiandaa kwa Usalama

Sandwichi ya jibini ni vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi kwa nje, vikawekwa jibini katikati na kupashwa kwenye kikaango hadi mkate ukauke na jibini iyeyuke. Watoto wengi huipenda kwa sababu ni laini ndani na inashikika kwa mkono. Kwa mama mwenye haraka, ni chakula cha dakika kumi.

Jibini, ambayo dukani wengi huiita chizi, ina faida kwa mtoto anayekua. Hata hivyo, yapo mambo machache ambayo mzazi au mlezi anapaswa kuyajua kabla ya kuiweka mezani. Kubwa kuliko yote ni hili: jibini kuyeyuka si dalili kwamba vijidudu vimekufa. Jibini huanza kuyeyuka kabla haijafikia joto la kuviua. Kwa hiyo usalama wa sandwichi hii hauanzii kwenye kikaango. Unaanzia kwenye jibini unayoinunua.

Sandwichi hii inampa mtoto nini?

Kipande cha jibini ngumu kama cheddar chenye gramu 30, yaani ukubwa wa kiberiti, kina takriban gramu 7 za protini na miligramu 200 za madini ya kalsiamu. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anahitaji miligramu 500 hadi 700 za kalsiamu kwa siku, kutegemea mwongozo unaotumika. Kalsiamu hujenga mifupa na meno. Mafuta yaliyo kwenye jibini humpa mtoto nguvu, na mkate humwongezea wanga.

Kitu ambacho jibini haina cha kutosha ni madini ya chuma, ambayo mwili huyatumia kutengeneza damu. Zaidi ya hapo, kalsiamu nyingi hupunguza kiasi cha chuma ambacho mwili hunyonya kutoka kwenye mlo huohuo. Mtoto anayeshiba mkate, jibini na maziwa kila siku, huku akikosa maharage, nyama, maini, dagaa na mboga za majani, anaweza kunenepa vizuri na bado akapungukiwa damu.

Mambo mawili husaidia:

- Mpe tunda au mboga yenye vitamini C pamoja na sandwichi, kwa mfano chungwa, embe, pera au nyanya. Vitamini C husaidia mwili kunyonya chuma. Nchini Marekani, ambako sandwichi hii ni chakula cha kawaida cha nyumbani, watu wengi huila pamoja na supu ya nyanya. Ni mchanganyiko mzuri, hasa ukipika supu mwenyewe na kuipunguzia chumvi.
- Usimpe chai. Kwetu mkate umezoeana na chai, lakini majani ya chai huzuia mwili kunyonya chuma. Mtoto mdogo anywe maji safi na salama au maziwa.

Jibini ipi ni salama?

Nunua jibini iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyopashwa joto kiwandani ili kuua vijidudu, kwa mfano nyuzi joto 72 kwa sekunde 15. Kwenye pakiti tafuta neno pasteurised au pasteurized. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, na uone kama jibini ilikuwa kwenye friji ya duka.

Epuka jibini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi, hata kama muuzaji unamfahamu na ng'ombe wake wanaonekana wazima. Ng'ombe au mbuzi anaweza kuwa na brusela au kifua kikuu bila kuonyesha dalili. Brusela humletea binadamu homa inayokuja na kuondoka, jasho jingi, uchovu na maumivu ya viungo. Mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, na mgonjwa hutumia dawa zisizomfaa kwa muda mrefu. Kama homa ya mtoto haiishi na vipimo vya malaria havionyeshi kitu, mweleze mhudumu wa afya ikiwa mtoto amekunywa maziwa mabichi au kula jibini yake.

Kama unatengeneza jibini nyumbani, chemsha maziwa yatokote kabla ya kuyagandisha.

Aanze akiwa na umri gani, na ale kiasi gani?

Kwa miezi 6 ya kwanza mtoto anahitaji maziwa ya mama pekee. Baada ya hapo anaweza kuonjeshwa jibini yenye mafuta kamili kwa kiasi kidogo sana, kati ya vyakula vingine vya nyongeza, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

Kinachotakiwa kuangaliwa ni chumvi. Tupige hesabu ya sandwichi moja:

- Gramu 30 za cheddar: takriban gramu 0.5 za chumvi.
- Vipande viwili vya mkate wa dukani: takriban gramu 0.7.
- Jumla: gramu 1.2, kabla ya kuhesabu siagi yenye chumvi.

Nchini Uingereza wataalamu wa afya wanashauri mtoto wa mwaka 1 hadi 3 asizidishe gramu 2 za chumvi kwa siku, na aliye chini ya mwaka mmoja asifikishe hata gramu 1. Sandwichi moja nzima inachukua zaidi ya nusu ya kiasi cha mtoto wa miaka 2. Kwa hiyo:

- Miezi 6 hadi 12: vipande viwili vitatu vyembamba vya kuonja, si kila siku.
- Mwaka 1 hadi 3: nusu ya sandwichi inatosha.
- Miaka 4 na kuendelea: sandwichi moja, mara chache kwa wiki.

Jibini laini za kusindikwa, zile za pembetatu au za vipande vilivyofungwa kimojakimoja, mara nyingi zina chumvi zaidi ya cheddar. Soma lebo. Kama imeandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Kwa mfano, miligramu 600 za sodiamu ni sawa na gramu 1.5 za chumvi.

Jinsi ya kuandaa

Mahitaji: vipande 2 vya mkate, ikiwezekana wa brauni, gramu 30 za jibini, kijiko 1 cha chai cha siagi isiyo na chumvi, nusu nyanya iliyokatwa vipande vyembamba.

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha nyanya.
2. Kwaruza jibini kwa kifaa kile cha kukwaruzia karoti. Iliyokwaruzwa huyeyuka upesi na kwa usawa, na kiasi kidogo huonekana kingi.
3. Paka siagi upande mmoja wa kila kipande cha mkate. Upande huo ndio utakaogusa kikaango.
4. Weka kipande kimoja kwenye kikaango, panga jibini na nyanya juu yake, kisha funika kwa kipande cha pili.
5. Tumia moto mdogo na ufunike kikaango. Moto mkali huunguza mkate huku jibini ikibaki baridi. Ukitumia jiko la mkaa, punguza makaa, na usiliwashe ndani ya chumba kilichofungwa.
6. Baada ya dakika 3 hadi 4, geuza. Acha muda kama huo upande wa pili.
7. Ipua mkate ukiwa na rangi ya dhahabu. Sehemu iliyoungua ikawa nyeusi ikwanguliwe au itupwe.

Kumlisha bila kuungua wala kupaliwa

Jibini iliyoyeyuka hutunza joto kuliko mkate. Nje ya sandwichi inaweza kuwa imepoa huku ndani bado inaunguza, na jibini ya moto hunata kwenye ulimi na midomo. Subiri dakika 5, ifungue, kisha gusisha jibini nyuma ya kiganja chako. Ikiwa vuguvugu, mpe.

Jibini ikipoa kabisa hukaza kama mpira, na mkate mweupe ukilowa mate hugeuka donge. Kwa hiyo kata sandwichi vipande vyembamba kama kidole, na ukate nyuzi za jibini zinazovutika. Mtoto ale akiwa ameketi wima, si akikimbia wala akiwa amelala, na mtu mzima awe karibu muda wote.

Mtoto akipaliwa na bado anakohoa kwa nguvu, mwache aendelee kukohoa. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua:

- Aliye chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, na umpige kwa kiganja kati ya mabega mara 5. Kama kipande hakijatoka, mgeuze chali na ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Usimbonyeze tumboni.
- Aliyezidi mwaka mmoja: mwinamishe mbele na umpige kati ya mabega mara 5. Kisha mkumbatie kwa nyuma na ubane tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu, mara 5.

Rudia kwa zamu huku mwenzako akiita msaada. Usiingize kidole kinywani kutafuta kitu usichokiona.

Mtoto akiungua kwenye ngozi, mwagia maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta wala yai.

Kama maziwa yanamsumbua

Mtoto anayejaa gesi au kuharisha baada ya kunywa maziwa anaweza kuivumilia jibini ngumu, kwa sababu ina sukari kidogo sana ya maziwa. Mzio wa maziwa ni jambo jingine. Huo huletwa na protini, na kupasha jibini kwenye kikaango hakumwepushi mtoto. Siku ya kwanza mpe kidogo tu na umwangalie. Vipele vya ghafla, midomo kuvimba, kutapika au kifua kubana baada ya kula ni dalili za kumwona daktari kabla ya kujaribu tena.

Kwa mama mjamzito

Jibini yenye vijidudu vya listeria inaweza kumletea mama homa ndogo tu, lakini ikasababisha mimba kuharibika au mtoto kufia tumboni. Ukiwa mjamzito, kula jibini ngumu ya maziwa yaliyopashwa kiwandani. Jibini laini yenye ukungu, hata iliyotoka dukani, ile tu ikiwa imepikwa hadi itoe mvuke pande zote. Kuyeyuka pekee hakutoshi.

Kuhifadhi na kubeba shuleni

Funga jibini vizuri na uiweke kwenye friji. Umeme ukikatika, usifungue mlango ovyo. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4. Jibini laini ikiota ukungu, itupe yote.

Sandwichi iliyopikwa isikae nje ya friji zaidi ya saa 2, na penye joto la zaidi ya nyuzi 32 isizidi saa 1. Mtoto anayeondoka nyumbani saa 12 asubuhi na kula saa 4 asifungiwe sandwichi ya jibini. Mfungie ndizi au karanga, kama ana umri wa kutafuna karanga vizuri na hana mzio nazo. Ya jibini mngojee nayo jioni.

Kama jibini ni ghali

Hujamnyima mtoto kitu. Maziwa yaliyochemshwa, mtindi na dagaa wanaoliwa na mifupa yao vina kalsiamu. Mkate unaweza kujazwa yai lililoiva kabisa au maharage yaliyopondwa na nyanya, ukapashwa kwenye kikaango kwa njia hiyohiyo. Maharage yatampa hata chuma ambacho jibini haina.

Mpeleke kituo cha afya haraka iwapo

- anapumua kwa shida, au midomo na uso vimevimba baada ya kula;
- alipaliwa, na bado anakohoa au kukoroma baada ya kipande kutoka;
- ameungua usoni, kinywani, au eneo kubwa kuliko kiganja chake;
- anatapika au kuharisha na anashindwa kunyonya au kunywa;
- ana homa isiyoisha baada ya kula jibini au maziwa mabichi.