Dawa Ilikaa Kabatini Miaka Minne

Wasee, kuna kitu kwa simu yako kinaitwa zlib. Jean-loup Gailly na Mark Adler waliitoa 1995, bure. Kazi yake ni kubana data.

Sasa, ndani kulikuwa na kosa: data ikijaa vibaya, inaandikwa juu ya data ingine. Ni kama matatu ya watu 14 kubeba wa 15, lazima akalie mtu. Kosa lilijificha miaka 13 hadi 2018, likarekebishwa mwaka huo huo. Lakini toleo lenye dawa, 1.2.12, lilitoka Machi 2022!

Miaka yote hiyo marekebisho yalikuwa wazi mtandaoni, hata mwizi angeyasoma. Mimi naona hivi: kurekebisha bila kusambaza ni kazi nusu. Na sisi tunaotumia bure, tumewasaidia wanaoitunza na nini?