Kutoka mbiu ya mgambo hadi kiki

NENO kiki limezoeleka vinywani mwa vijana wetu, na siku hizi hata watangazaji wa redio hulitumia bila kusita. Msanii akigombana na mpenziwe wiki moja kabla ya kutoa wimbo, utasikia: "Ah, huyo anatafuta kiki tu." Maana yake inaeleweka: kitendo kinachofanywa makusudi ili mtu azungumziwe. Linalonivutia mimi ni kitenzi kinachoandamana na neno lenyewe. Mbiu hupigwa. Tangazo hutolewa. Sifa mtu hupewa na wenzake. Kiki hutafutwa.

Turudi nyuma kidogo. Mbiu ilikuwa pembe ya mnyama, aghalabu nyati, iliyopulizwa kuwaita watu. Mgambo nao ulikuwa wito au tangazo kwa umma. Hiyo ndiyo asili ya methali tunayowafunza wanafunzi: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. (Wengine husema "la mgambo likilia lina jambo"; hilo "la" linaonyesha kuwa ipo nomino ya ngeli ya LI-YA iliyodondoshwa, mathalani baragumu.) Kwangu methali hii ni mfano wa mkataba. Anayepuliza pembe anawakatiza watu shughuli zao: mvuvi aache nyavu, mama aepue chungu. Kwa hivyo ni lazima awe na jambo la kuwaambia. Sauti inaita tu, habari yenyewe inafuata.

Siwa ilikuwa na masharti makali zaidi. Ile ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu ikatengenezwa kwa shaba, na hazikupulizwa ovyo na kila mwenye mapafu. Zilikuwa alama za utawala na za sherehe za wenye hadhi.

Biashara nayo ilikuja na mbinu zake. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana kwa leso zenye chapa "Mali ya Abdulla". Kila aliyejifunga leso hiyo akawa anamtembezea muuzaji jina lake bure, ingawa wahenga walikwisha kutuonya kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hapo hakuna aliyedanganywa. Chapa ilikuwa wazi, tena kwa maandishi.

Kwingineko duniani mwenye tangazo alikuja kujifunza kujificha. Tarehe 31 Machi 1929, siku ya Pasaka, wanawake kadhaa waliwasha sigara hadharani katika gwaride la Fifth Avenue, New York, na magazeti yakaandika kuwa wanadai uhuru wao. Nyuma ya pazia alikuwepo Edward Bernays, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya tumbaku, American Tobacco. Wasomaji waliona habari, hawakuona tangazo. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kiki hasa, hata kama neno lenyewe lilikuwa halijatufikia. Ugomvi wa msanii na mpenziwe hufuata njia iyo hiyo: pembe inalia, watu wanakusanyika, na jambo lenyewe ni kwamba wamekusanyika.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba neno hili limeanza kuwaangukia hata wenye jambo. Mwalimu akilalamikia mshahara hadharani, ati ni kiki. Mgonjwa akiomba mchango wa matibabu, kiki. Juzi katika kundi la WhatsApp la mtaani kwetu mama mmoja aliweka picha ya mwanawe aliyekuwa hajaonekana tangu asubuhi. Jibu la kwanza kuingia lilikuwa: "Hizi kiki zimezidi jameni." La pili lilikuwa vikatuni vya kucheka. Ilipita karibu saa nzima kabla ya mtu kuuliza mtoto alikuwa amevaa nguo gani.