Maji ya Mto Ohio na Kemikali Isiyooza

Mwaka 1951, katika kiwanda chake cha Washington Works kilichoko kando ya Mto Ohio karibu na mji wa Parkersburg, West Virginia, kampuni ya DuPont ilianza kutumia asidi iliyokuwa ikiinunua kutoka kampuni ya 3M. Kiwandani waliiita C8, kwa kuwa ina atomi 8 za kaboni. Wanakemia huiita PFOA. Ilihitajika katika kutengeneza Teflon, ile plastiki inayopakwa ndani ya vikaango ili chakula kisigandie. Bila C8, Teflon ilifanya mabonge. Mabaki yake yakamwagwa mtoni, yakaingia katika maji ya kunywa ya majirani.

Molekuli hiyo ina kichwa kinachopenda maji na mkia usiotaka maji wala mafuta. Mkia huo ni mnyororo wa kaboni uliozungukwa na florini, na kifungo cha kaboni na florini ni miongoni mwa vifungo imara kabisa katika kemia ya kaboni. Jua halikikati, bakteria hawakiwezi, ini halikivunji. Uimara huo ulioipa kampuni faida ndio uliowapa majirani msiba. C8 ikishaingia mwilini hujishikiza kwenye protini za damu, na figo huirudisha badala ya kuitoa kwa mkojo. Hupita miaka kadhaa kabla hata nusu yake haijatoka, na muda wote huo mtu anaendelea kunywa maji yaleyale.

Kampuni ilijua mapema. Mwaka 1981, 3M iligundua kuwa kemikali hiyo husababisha kasoro kwa vitoto vya panya vilivyo tumboni, na DuPont ikawahamisha wafanyakazi wanawake kutoka kitengo cha Teflon. Mwaka 1984 ilichota kimyakimya maji ya bomba katika jamii za jirani, ikakuta C8. Mwaka 1991 wataalamu wake walijiwekea kikomo cha ndani cha maji ya kunywa: nanogramu 1,000 kwa lita. Mwaka huohuo eneo moja lilikutwa na mara tatu ya kiasi hicho. Wanywaji hawakuambiwa, na kwangu mimi huko kunyamaza ni kosa zito kuliko hata umwagaji wenyewe.

Aliyelifichua jambo hilo ni mfugaji, Wilbur Tennant. Katika miaka ya 1980 familia yake iliiuzia DuPont kipande cha ardhi, kikafanywa dampo, na maji yaliyotoka dampo yakaingia kijito cha Dry Run walikokunywa ng'ombe wake. Kijito kikatoka povu. Ng'ombe wakakonda, meno yakawa meusi, wakafa zaidi ya 150. Tennant alipoona hakuna anayemsikiliza, aliipasua mizoga mwenyewe na kurekodi kila kitu kwa kamera ya video. Mwaka 1998 akampigia simu Robert Bilott, wakili wa Cincinnati ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuyatetea makampuni ya kemikali, lakini bibi yake aliishi karibu na Parkersburg. Kesi ilifunguliwa mwaka 1999. Katika lundo la nyaraka ambazo kampuni ililazimika kuzitoa, Bilott alilikuta jina PFOA, na hapo akaacha kufuatilia ng'ombe peke yao. Mwaka 2001 aliiandikia serikali barua ya kurasa 972, kisha ikafunguliwa kesi ya pamoja ya wakazi.

Mapatano ya mwaka 2004 yaliwapa dola milioni 70. Wangeweza kugawana fedha hizo na kila mmoja akaenda zake. Badala yake sehemu kubwa ilitumika kupima afya ya watu: aliyetoa damu na kujibu maswali alilipwa dola 400, na katika miaka ya 2005 na 2006 walijitokeza takribani watu 69,000. Jopo la wanasayansi watatu, waliokubaliwa na pande zote mbili, lilichambua taarifa hizo kwa miaka. Tennant alifariki mwaka 2009 akiwa hajasikia jibu. Kufikia mwaka 2012 jopo lilikuwa limetaja maradhi sita yanayoelekea kuhusiana na C8: saratani ya figo, saratani ya korodani, ugonjwa wa tezi ya thairoidi, vidonda vya utumbo mpana, lehemu nyingi, na shinikizo la damu la ujauzito. Mwaka 2017 madai yapatayo 3,550 yalimalizwa kwa dola milioni 671.

Kuyasafisha maji kunawezekana. Mkaa maalumu wa kuchujia huinasa C8, lakini hauiui. Mkaa ukishajaa, lazima upelekwe mahali pengine, na tanuri la kuchomea huhitaji joto kali sana. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern walionyesha kuwa PFOA inaweza kuvunjwa kwa nyuzi 120 tu za Selsiasi, kwa kutumia magadi makali na kiyeyushi cha kawaida kinachoitwa DMSO: mchanganyiko huo hukikata kichwa cha molekuli kwanza, mkia ukafumuka. Njia hiyo haiwezi kuvunja jamii zote za kemikali za aina hii, na kutoka maabara hadi mtambo wa maji wa mji bado ni mbali.

Mwezi Aprili 2024 serikali ya Marekani iliweka kikomo cha PFOA katika maji ya kunywa: nanogramu 4 kwa lita. Kile ambacho kampuni ilijiwekea mwaka 1991 kilikuwa mara 250 ya hicho, na maji ya majirani zake yalikivuka.