Pelikuli ya kujikatia: historia ya bobini ndefu na deni la kuandika

Vijana wengi wanaopiga picha kwa simu hawajawahi kushika pelikuli, ule mkanda mwembamba wenye dawa ya madini ya fedha ambao kamera za zamani zilitumia. Hata wazee walioitumia, wengi wao waliizoea ikiwa tayari ndani ya kikopo chake: unanunua dukani, unapiga picha 24 au 36, unapeleka kusafisha. Lakini kikopo hicho cha dukani kilikuja baadaye. Wapiga picha wa kwanza wa pelikuli ya milimita 35 walinunua bobini ndefu, wakaingia gizani, wakakata wenyewe kipande kinachotosha na kukijaza katika kikopo. Historia hiyo ni ya watu waliotafuta kufanya kazi kwa pesa kidogo. Tena inahusu masanduku ya negativi yaliyobaki katika nyumba zetu.

Ilitoka kwenye sinema

Pelikuli ya milimita 35, yenye matundu pande zote mbili, ilitengenezwa kwa ajili ya sinema. Ilianza katika karakana ya Thomas Edison kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1890, na aliyeifanyia kazi hasa ni William Dickson. Kila picha ya sinema ilikuwa na upana wa milimita 24 na urefu wa milimita 18, ikichukua matundu manne.

Kule Wetzlar, Ujerumani, kulikuwa na fundi aitwaye Oskar Barnack, mfanyakazi wa kiwanda cha Leitz kilichotengeneza hadubini. Alipenda kupiga picha, lakini alikuwa na pumu, na kubeba kamera kubwa ya vioo kupanda milima kulimchosha. Akachukua pelikuli ya sinema, akailaza upande, akaongeza ukubwa wa picha mara mbili: matundu manane, milimita 24 kwa 36. Kamera yake ya majaribio ilikuwa tayari kabla ya vita ya kwanza ya dunia kupamba moto. Kiwanda kiliiingiza sokoni mwaka 1925, katika maonyesho ya Leipzig, kwa jina la Leica.

Aliyenunua Leica wakati huo alipewa vikopo vya shaba vilivyo vitupu. Pelikuli alijitafutia. Alinunua ile ya sinema kwa mita, mara nyingine masalio yaliyobaki kwa watengeneza filamu, akaipima gizani kwa kupapasa na kuikata kwa mkasi.

Hesabu ya mita

Picha moja na nafasi yake huchukua milimita 38. Picha 36 zinafika karibu mita 1 na sentimita 37. Ongeza kipande cha kuanzia na cha kumalizia, unapata kama mita 1 na sentimita 65. Bobini iliyozoeleka ina futi 100, yaani mita 30 na nusu, nayo inatoa vikopo 18 vya picha 36. Bobini kubwa ya sinema, ya futi 1000, inatoa zaidi ya 180. Hapo ndipo faida ilipo: mnunuzi halipii tena kikopo kipya, boksi la karatasi na kazi ya kiwanda mara 18.

Mwaka 1934 Kodak ilileta kikopo kilichojazwa kiwandani, pamoja na kamera ya Retina iliyotengenezwa Stuttgart. Mdomo wa kikopo ulikuwa na kitambaa laini cha kuzuia mwanga, kwa hiyo mtu aliweza kubadilisha pelikuli mchana, hata barabarani. Kikopo hicho kiliingia pia katika Leica na Contax. Ndicho kikopo kinachouzwa mpaka leo, kikiitwa 135.

Hata hivyo kujikatia hakukufa. Katika Umoja wa Kisovyeti ilikuwa desturi ya kila nyumba. Mwaka 1934 uleule, jumuiya ya vijana mayatima ya Kharkiv ilianza kutengeneza FED, kamera iliyoiga Leica. Kwa miaka mingi pelikuli za huko, kama Svema na Tasma, ziliuzwa bila kikopo, zikiwa zimeviringishwa katika karatasi nyeusi. Mtu alizijaza mwenyewe usiku, ndani ya bafu au chini ya blanketi zito, katika vikopo vyake vya kudumu. Nchi za magharibi nako, magazeti, shule za upigaji picha na watu wa mfuko mdogo walitumia kisanduku chenye mkono wa kuzungushia. Ukishaweka bobini ndani yake gizani, kazi nyingine unaifanya kwenye mwanga: unaunga ncha kwenye kikopo kwa gundi ya karatasi, unafunga, unazungusha mkono ukihesabu picha.

Hasara zake zilijulikana pia. Chembe moja ya mchanga katika mdomo wa kikopo inachora mstari mrefu kwenye picha zote. Ile ncha iliyoungwa mchana imeungua kwa mwanga, basi picha ya mwisho mara nyingi inapotea. Na ukikosea giza mara moja, unapoteza mita 30 zote.

Kiwanda kinaandika, wewe usipoandika nani ataandika?

Hasara kubwa zaidi ilionekana baadaye. Kikopo cha dukani kinakuja na maandishi: jina la pelikuli, nguvu yake, tarehe ya kuisha. Ukingoni mwa pelikuli namba zinaanza moja na kwenda mbele. Pelikuli ya bobini inakatwa popote, basi namba zake zinaweza kuanza kati na kurudia mwanzo. Kikopo hakina jina ila lile alilolibandika mpiga picha. Aliyeokoa pesa alichukua kazi ya kiwanda, na pia kazi ya karani.

Umuhimu wa mfuatano sisi Wakongomani tunaujua. Mwishoni mwa Juni 1960, Mjerumani Robert Lebeck alimpiga picha kijana aliyenyakua upanga wa Mfalme Baudouin katika barabara ya Léopoldville. Picha moja inaonyesha kitendo. Zile zinazoifuata zinaonyesha kijana akikimbia na upanga, halafu akikamatwa. Ukizichanganya, unabadilisha habari yenyewe.

Sasa tufikirie sanduku la mpiga picha wa mtaa aliyefariki: vipande vya picha sita sita, bila bahasha, bila tarehe, na namba za ukingoni hazisaidii. Ndoa, mazishi, mkutano wa chama, nyuso za wakubwa wa mji. Yote yapo, na hakuna anayejua kipi kilitangulia.

Kuna pia hatari. Pelikuli za sinema za zamani zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka vikali hata bila hewa. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 1951. Aliyejikatia masalio ya sinema kabla ya hapo anaweza kuwa ameacha nitrati kabatini. Tazama ukingoni: neno SAFETY linaonyesha pelikuli isiyo ya nitrati. Ikiwa imegeuka rangi ya kahawia, inanata au inakuwa unga, iondoe karibu na jiko na ndani ya nyumba. Harufu ya siki inaonyesha kwamba ile ya asetati imeanza kuoza. Hiyo haiwaki kama nitrati, lakini itenge na nyingine, uiweke katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu na pa baridi.

Bobini za mita 30 na nusu zinauzwa hadi leo, na vijana wanaorudia pelikuli wanapiga hesabu ileile. Wajikatie, ni njia nzuri. Lakini kila kikopo kipate jina la pelikuli, tarehe na mahali, siku hiyohiyo kinapojazwa. Na wenye masanduku ya zamani waende kwa wazee waliopiga picha hizo wangali hai, wawaulize, waandike kwa penseli juu ya bahasha.